Kiholanzi cha shule, Kiswahili cha nyumbani: jinsi familia za wahamiaji Ubelgiji zinavyoamua lugha

Hakuna jambo la shule linalowachanganya wazazi wahamiaji walioko Ubelgiji kama lugha. Mmoja ameambiwa kwamba akihamia Antwerp, mji wa Flanders, upande wa Kiholanzi, ni marufuku kuongea Kiswahili na mwanawe. Mwingine ameshauriwa na mwalimu aongee Kiholanzi nyumbani, na Kiholanzi chenyewe amekianza juzi. Wa tatu anaogopa kwamba lugha tatu zitamfanya mtoto achelewe kusema. Wote wamechanganya lugha ambayo nchi imewapangia na lugha ambayo hakuna mwenye mamlaka ya kuwapangia.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Lugha rasmi ni ile ambayo ofisi ya umma inalazimika kukuhudumia nayo. Lugha ya shule ni ile inayofundishia hesabu, sayansi na historia. Lugha ya nyumbani ni ile ambayo mtoto huombea maji, hugombania midoli na dada yake, na huulizwa kwayo kwa nini hajalala. Nchini Ubelgiji, lugha mbili za kwanza zinafuata ardhi, ya tatu inafuata watu.

Katiba ya nchi hiyo, kifungu cha 4, inaigawa maeneo manne ya lugha: Kiholanzi kaskazini, yaani Flanders, Kifaransa kusini, yaani Wallonia, Kijerumani katika komuni (serikali za mitaa) 9 za mashariki, upande wa mji wa Eupen, na Brussels yenye komuni 19, ambako Kiholanzi na Kifaransa vina haki sawa. Mpaka huo wa lugha uliwekwa kisheria mwaka 1962 na 1963. Ni kama leseni ya biashara: unaikata kwenye halmashauri lilipo duka, hata kama ulizaliwa wilaya nyingine.

Hapo ndipo mtu aliyesoma Bukavu au Bujumbura kwa Kifaransa hushangaa. Anaingia ofisi ya komuni mjini Ghent, karani anaelewa kila anachosema, lakini anamjibu kwa Kiholanzi. Mara nyingi si dharau. Sheria za mwaka 1966 kuhusu lugha za shughuli za serikali zinamfunga karani. Hazimfungi mteja. Zipo komuni 27 za mipakani zenye utaratibu maalumu ambao mwenyeji anaweza kuomba huduma kwa lugha nyingine ya nchi, lakini nje ya hizo usitegemee.

Ndani ya nyumba yako sheria hiyo haiingii. Kifungu cha 30 cha Katiba kinasema matumizi ya lugha ni huru, na kwamba sheria inaweza kuyapangia shughuli za mamlaka za umma na za mahakama tu. Shule inaweza kuwa na kanuni kuhusu lugha ya darasani, na baadhi zimejaribu hata kupiga marufuku lugha za nyumbani kwenye uwanja wa michezo, jambo ambalo Wabelgiji wenyewe wanalibishania hadi leo. Lakini kanuni ya shule inaishia getini. Kwa hiyo ile habari ya "Flanders ni marufuku" ni uzushi.

(Na ukisikia mtu anataja idadi kamili ya wasemaji wa Kiswahili Ubelgiji, jua amekadiria. Sensa iliuliza lugha mara ya mwisho mwaka 1947, na sheria ya mwaka 1961 ikaliondoa swali hilo, kwa sababu majibu yake yalikuwa yanaupeleka mpaka wa lugha huku na huku.)

Anwani ndiyo inayochagua

Wengi hufikiri familia hukaa chini, ikapima, ikachagua Kifaransa au Kiholanzi. Mara nyingi mchaguzi ni anwani. Anayeomba hifadhi akahitaji mkalimani, mamlaka ndiyo huamua faili lake liendeshwe kwa lugha gani kati ya hizo mbili. Fedasil, shirika la serikali linalopokea waomba hifadhi, humpeleka kwenye kituo chenye nafasi, na kituo kinaweza kuwa kijiji cha Wallonia. Watoto wanaanza shule kwa Kifaransa. Karatasi zinatoka baada ya mwaka mmoja na nusu, baba anapata kazi ya ghala karibu na bandari ya Antwerp, na wote wanahamia kwenye Kiholanzi.

Kuhama huko kuna mtego ambao wengi huugundua wakiwa wameshaufikia. Flanders ina darasa la mapokezi liitwalo OKAN, ambalo mwanafunzi mgeni wa umri wa sekondari hufundishwa Kiholanzi, kwa kawaida mwaka mmoja wa shule, kabla ya kuingia masomo ya kawaida. Masharti yake ni pamoja na mtoto kuwa hajaishi Ubelgiji zaidi ya mwaka mmoja mfululizo, na hajasoma zaidi ya miezi tisa katika shule ya Kiholanzi. Mtoto aliyekaa Liège, mji wa Wallonia, miezi kumi na minane ametimiza sharti la pili lakini amekosa la kwanza, ingawa Kiholanzi hajui hata salamu. Ruhusa ya pekee huweza kuombwa, ila ni shule inayoiomba, na haitaiomba kama hakuna aliyeieleza hali. Hivyo unapopiga simu kuandikisha, taja tarehe ya kuingia nchini na historia yote ya shule kabla ya kutaja anwani mpya. Ukijua mapema kwamba mtahama, ni afadhali watoto wahame mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, hata kama mzazi mmoja atabaki nyuma kidogo.

Brussels peke yake ndiyo inayokupa uchaguzi wa kweli: mtaa mmoja unaweza kuwa na shule ya Kifaransa na ya Kiholanzi. Wazazi wengi wa Kikongo huwaza kumpeleka mtoto ya Kiholanzi kwa sababu Kifaransa "atakipata tu barabarani". Hesabu hiyo si mbaya, kwa kuwa Brussels Kifaransa kweli kiko kila mahali. Tatizo ni nafasi: shule za Kiholanzi hutenga sehemu kubwa ya nafasi kwa familia ambazo angalau mzazi mmoja anathibitisha Kiholanzi cha kiwango cha B2, yaani cha kujimudu vizuri, na uandikishaji hupitia mfumo mmoja wa kompyuta wenye tarehe zake, miezi mingi kabla ya Septemba. Na mzazi asiye na Kiholanzi ajiulize swali moja kabla ya kuomba: barua ya mwalimu ikija Alhamisi jioni, nani ataisoma?

Nyumbani: lugha ipi kati ya nne?

Fomu ya shule ina kisanduku cha "lugha ya nyumbani", kana kwamba kila nyumba ina moja. Familia iliyotoka Bukavu inaweza kuwa na Mashi ya mama, Kirega cha baba, Kiswahili cha mjini kilichowakutanisha, na Kifaransa cha shule na cha kanisa. Haziwezi zote kubebwa kwa uzito sawa. Familia zinazofanikiwa huamua moja iwe nguzo, na nyingine zipewe nafasi yake: Mashi kwenye simu na bibi, Kifaransa kwenye vitabu. Kupima nguzo si kazi ya hisia tu. Uliza ni lugha ipi watu wazima wawili wa nyumba hii wanaongea wakiwa wamekasirika, ni ipi ina watoto wengine wa rika lake mjini hapa, na ni ipi itampa mtoto watu wa kuongea nao akifika miaka kumi na tano. Kwa familia za Kivu na Katanga jibu huwa Kiswahili mara nyingi, ila si lazima.

Kinachowakwamisha wengi hapa ni aibu. "Kiswahili chetu si cha kweli," mzazi anasema, kwa kuwa nyumbani husemwa *batoto banaenda ku masomo* badala ya *watoto wanaenda shuleni*. Basi anakiacha, akisubiri siku atakayempata mwalimu wa Kiswahili sanifu. Siku hiyo haiji, na mtoto anakosa vyote viwili. Mtoto mwenye Kiswahili cha Lubumbashi atajifunza cha Dar es Salaam kwa miezi michache akikihitaji. Asiye na chochote ataanza kama mgeni.

Sasa, nani aongee nini? Ushauri unaosikika sana ni "mzazi mmoja, lugha moja": mama Kiswahili, baba Kifaransa au Kiholanzi. Unapendwa kwa sababu umepangika. Mtaalamu wa lugha za watoto Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 matokeo ya familia karibu 1,900 za Flanders, zile ambazo angalau mzazi mmoja alikuwa na lugha nyingine zaidi ya Kiholanzi. Aliangalia wazazi wanaongea nini nyumbani, na kama watoto wanaiongea lugha hiyo. Pale wazazi wote wawili walipotumia lugha yao tu, watoto waliiongea katika asilimia 97 ya familia. Mmoja wao alipoongeza Kiholanzi, asilimia 93. Wote wawili walipotumia lugha zote mbili, 79. Mzazi mmoja lugha moja: 74. Na pale mmoja alipoongea Kiholanzi peke yake na mwenzake akachanganya, 36 tu.

Zisome tarakimu hizo polepole. Mpango unaosifiwa uko chini ya nyumba zinazochanganya ovyo, na mporomoko mkubwa unatokea pale Kiholanzi kinapotawala kwa mzazi mmoja na kupenya kwa wa pili. Hakuna kundi lililoshuka kwa sababu ya lugha ya nyumbani kuwa nyingi mno. Kiholanzi kina shule, mtaa, katuni na marafiki wa kukibeba. Kiswahili kina nyinyi wawili.

Hesabu ya wiki moja ya mtoto wa miaka minne inaonyesha sababu. Tuseme anaamka saa 1 asubuhi na kulala saa 2 usiku: saa 13 kwa siku, 91 kwa wiki. Shule pamoja na uangalizi wa jioni, kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 11 jioni kwa siku nne, na Jumatano hadi saa 6 mchana, ni saa 37 na nusu. Televisheni na tableti saa mbili kwa siku, 14. Zinabaki 39 na nusu, lakini ndani yake kuna kuoga, kuvaa, basi, kucheza peke yake, na mama aliye zamu ya usafi alfajiri. Mazungumzo ya kweli na mzazi huenda yakawa saa 20. Mzazi akigeuza nusu yake kuwa Kiholanzi "ili kumsaidia", Kiswahili kimebaki na saa 10 kati ya 91. Mtoto atakielewa, kukiongea ataacha.

Na anayekiingiza Kiholanzi sebuleni kwa kawaida ni kifungua mimba. Akishaanza shule, anawaongelesha wadogo zake lugha ya darasani, na mtoto wa pili anafika chekechea akiwa tayari nusu Mholanzi. Kama kuna kanuni moja ya kuwekwa nyumbani, iwe kwa huyo mkubwa, na iwe ya mahali au wakati maalumu: mezani ni Kiswahili, au mkiwa na mdogo ni Kiswahili. Katazo la siku nzima halidumu wiki.

Yanayoaminiwa

Kwamba lugha mbili huchelewesha kusema: hapana. Kufikia miaka miwili watoto wengi wana maneno kama 50 na wameanza kuunganisha mawili. Kwa mtoto wa lugha mbili hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. 30 ya Kiswahili na 25 ya Kiholanzi ni 55. Kinachopaswa kukushtua ni udhaifu unaojitokeza katika kila lugha yake. Akiwa hodari kwa Kiswahili na dhaifu kwa Kiholanzi, hana ugonjwa, hajakisikia vya kutosha. Vivyo hivyo mgeni anaweza kukaa kimya darasani kwa wiki au miezi huku nyumbani anapiga gumzo. Huko ni kusikiliza. Akinyamaza na nyumbani pia, nenda kwenye kituo cha ushauri cha wanafunzi, CLB upande wa Kiholanzi, PMS upande wa Kifaransa. Huduma ni ya bure, na uwaeleze anavyoongea Kiswahili, maana wao hawawezi kulipima hilo wenyewe.

Kwamba kuchanganya ni kuchanganyikiwa: hapana pia. Mtoto akisema "Mama, nataka *water*", ametumia neno lililokuwa karibu. Usimgombeze wala usijifanye hujaelewa kila mara, atachoka na kunyamaza. Mrudishie sentensi nzima, "Unataka maji? Maji ya baridi?", kisha subiri. Mzazi anayefuata mkumbo na kujibu kwa Kiholanzi ndiye anayeubadili mchezo.

Ule ushauri wa mwalimu ndio mgumu zaidi, kwa sababu unatoka kwa mtu mwenye nia njema. Mzazi mwenye Kiholanzi cha mwaka mmoja hana maneno ya kueleza kwa nini barafu inayeyuka au kwa nini kudanganya ni vibaya. Atabaki na "njoo, kula, kaa". Mtoto anapoteza mazungumzo mazito, na hayo ndiyo yanayomjengea akili ya shule. Wazo alilolielewa kwa Kiswahili anahitaji jina lake tu kwa Kiholanzi. Mjibu mwalimu kwa upole kwamba nyumbani mtaongea sana, mtasimulia na kusoma, na mwombe maneno makuu ya mada ya wiki ijayo ili myajadili kwa lugha yenu kabla. Walimu wengi hulipenda ombi hilo.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kazi imekwisha mtoto anapoanza kubishana na wenzake kwa Kiholanzi. Lugha ya kuchezea huja kwa kama miaka miwili. Lugha ya vitabu vya darasani huchukua miaka mitano hadi saba, kama Jim Cummins alivyoonyesha kwa watoto wahamiaji wa Kanada. Ndiyo maana mtoto "anayejua Kiholanzi" hukwama darasa la nne, maswali ya hesabu yanapogeuka aya nzima.

Karatasi

Kule Flanders elimu ya lazima huanza miaka mitano tangu Septemba 2020, ingawa chekechea ni ya bure kuanzia miaka miwili na nusu, na kwa mtoto wa Kiswahili miaka hiyo miwili na nusu ya ziada ina thamani kuliko darasa lolote la nyongeza baadaye. Mtoto wa miaka mitano anatakiwa kuhudhuria angalau nusu-siku 290 kwa mwaka. Safari ya miezi miwili Goma katikati ya muhula inaweza kuleta swali kuhusu kuingia darasa la kwanza. Katika mwaka huo hupimwa kwa jaribio liitwalo KOALA, kati ya Oktoba na Novemba. Si mtihani wa kufaulu au kufeli. Linaonyesha nani apewe msaada zaidi wa Kiholanzi.

Ile fomu ya lugha ya nyumbani ijazwe kwa ukweli. Wazazi wengine huandika Kiholanzi wakihofia mtoto kubaguliwa. Jibu hilo ni moja ya vigezo vinavyoipatia shule fedha na walimu wa ziada. Kanuni yake: katika nyumba yenye watu watatu mbali na mtoto, akiongea Kiholanzi na mmoja tu, lugha ya nyumbani haihesabiwi kuwa Kiholanzi, na kaka na dada wote huhesabiwa kama mtu mmoja. Maana yake hata watoto wanne wakiongea Kiholanzi wao kwa wao, jibu sahihi bado linaweza kuwa Kiswahili.

Watu wazima nao wana njia yao. Kozi ya lugha na uraia ni ya lazima kwa wageni wengi: Flanders kwa Kiholanzi, na tangu Septemba 2023 wengi huilipia yuro 360, Wallonia kwa Kifaransa, Brussels tangu Juni 2022 unachagua mojawapo, bila malipo. Muda huo wote mtoto huwa mbele ya mzazi, na hapo huzaliwa desturi ya kumtumia kama mkalimani. Kusoma bango la basi hakuna shida. Hospitali, polisi, na kikao cha mwalimu kinachomhusu yeye mwenyewe ni pengine: hana msamiati, na ana sababu zote za kulainisha habari. Omba mkalimani siku kadhaa kabla ya miadi. Hospitali nyingi zina wapatanishi wa lugha, wengine kwa video, na shule inaweza kuagiza mkalimani kwa kikao ikiambiwa mapema.

Kijana aliyefika akiwa na miaka kumi na tatu ana shida tofauti. Kiswahili chake kimeshakomaa, hakitapotea. Kinachopotea ni Kifaransa alichosomea, kwa kuwa mzazi wa Antwerp humwambia akiweke kando ashike Kiholanzi. Hasara kubwa hiyo. Kifaransa ni somo la lazima katika shule za Flanders kuanzia darasa la tano, na kijana aliyesoma Kivu anaweza kuwa wa kwanza darasani humo wakati masomo mengine bado yanamtesa. Mpe riwaya na magazeti ya Kifaransa.

Kusoma Kiswahili kwa mtoto aliyekwisha kujua kusoma kwa Kiholanzi ni kazi ya wiki chache, kwa sababu tunaandika kama tunavyosikia. Herufi chache tu ndizo zitakazomkwaza. Kwa Kiholanzi *j* husomwa kama y, basi *jana* itakuwa "yana". *Ch* hutoka kooni kama kh, na *chai* itakuwa "khai". *U* hutamkwa midomo ikiwa imebana mbele, na *kuku* hutoka vibaya. Aliyesoma kwa Kifaransa atasema "shai", na *u* yake itakosea vilevile. Andika herufi hizo tatu kwenye kadi, kila moja na neno analolijua, uibandike ndani ya jalada la kitabu. Anza na majina ya ndugu, orodha ya dukani na ujumbe mfupi kwa binamu. Hadithi zije *j* na *u* zikishakaa sawa.